Kochi Lisipauke: Kulinda Makochi ya Dirishani Huku Nyanda za Juu Kusini

Siku wageni wa posa ya dada yangu walipokuwa wanakuja nyumbani, Uyole, Mbeya, mama aliamka na wazo la kufua vitambaa vyote vya makochi. Vile vya kufuma kwa mkono, vyeupe, vyenye maua pembeni, ambavyo havikuwa vimetolewa kwa muda mrefu isipokuwa kukung'utwa na kurudishwa palepale. Makochi yetu yalikuwa ya velveti, rangi ya damu ya mzee. Tulipoinua kitambaa cha mgongoni cha kochi la dirishani, chini yake kulikuwa na duara la damu ya mzee kama siku lilipotoka kwa fundi, na pembeni yote velveti imekuwa rangi ya udongo mkavu. Hata matundu ya ufumaji yalikuwa yamejichora: ua moja baada ya jingine, kila petali na nafasi yake.

Mama alitazama, akatazama dirisha, kisha akasema, "Virudisheni." Vilikuwa vimeshalowekwa. Tukavikamua, tukavirudisha vibichi. Mshenga alikaa juu ya kitambaa chenye unyevu kwa saa mbili na hakusema neno.

Tangu hapo nimehama nyumba mara tatu, zote Mbeya na Iringa, na hili jambo la jua na makochi nimelichunguza kuliko mambo mengi ya maana. Hapa naandika ninachofanya, kwa mpangilio ninaoufuata nikiingia nyumba mpya.

Baridi inatudanganya

Watu wa huku husema jua letu ni la baridi, haliunguzi kitu. Ukisimama nje Njombe mwezi wa Juni saa nne asubuhi, umevaa sweta, unaliona jua ni la kuota tu. Lakini joto la hewa ni kitu kimoja na ukali wa mwanga ni kitu kingine. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa imezidi 1,500, Njombe inakaribia 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za mafuta ya kujikinga na jua, huongezeka kwa karibu asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua juu yako. Mvua nazo zikishakata mwezi wa Mei, siku nyingi hupita bila wingu la maana mpaka Novemba.

Kisha tunaongeza kosa letu wenyewe. Kwa kuwa ni baridi, mapazia tunayafungua makusudi ili jua liingie sebuleni. Mtu wa Dar es Salaam hafanyi hivyo, yeye analifungia nje.

Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale inayochoma ngozi, ndiyo maana hubabuki ukikaa ndani. Lakini ile miale mirefu zaidi ya urujuanimno hupita kwa wingi, na mwanga wenyewe tunaouona kwa macho nao hupausha rangi, na joto la juu ya kitambaa huharakisha kazi. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza kitu kimoja cha kumaliza tatizo lote, msikilize kwa adabu kisha uondoke. Rangi iliyopauka hairudi kwa dawa wala kwa sabuni. Unachoweza ni kupunguza saa ambazo mwanga mkali unagusa kitambaa.

Hatua ya kwanza: fuatilia jua kwa chaki

Kabla hujanunua pazia wala kuhamisha kochi, chagua siku moja ya kuwa nyumbani, Jumapili kwa mfano. Fungua mapazia yote. Saa mbili asubuhi, chora kwa chaki ukingo wa lile pande la jua lililoanguka sakafuni, uandike saa. Rudia saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, na saa kumi na moja jioni. Kama una zulia, tumia vipande vya selotepu. Jua likipanda juu ya kochi au ukutani, andika kwenye karatasi: kochi refu, mkono wa kushoto, saa tisa hadi saa kumi na moja.

Matokeo huwashangaza wengi. Dirisha kubwa wanalolilaumu mara nyingi halina hatia, na mkosaji ni kidirisha cha upande wa magharibi ambacho hakuna anayekikumbuka. Sababu yake ni kimo cha jua. Chukua dirisha ambalo juu yake linaishia kama mita 2.1 kutoka sakafuni. Mchana wa Juni, jua likiwa juu kabisa, linaingia kwa dirisha la kaskazini kama mita 1.3 tu, na kama paa limetokeza vizuri nje, pungufu ya hapo. Lakini jua la saa kumi na moja jioni kwa dirisha la magharibi limelala kiasi kwamba linavuka sebule na kupanda ukuta wa pili. Na tukumbuke kwamba huku Mbeya, kwa kuwa tuko magharibi ya nchi, jua linafika juu kabisa karibu na saa saba, si saa sita. Mchana wetu una mkia mrefu.

Jambo la pili, jua linahama. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari, jua la mchana linapita kusini kwetu. Miezi mingine yote, pamoja na kiangazi chote cha baridi, linapita kaskazini. Chaki uliyochora Julai haikuambii habari ya Desemba. Rudia zoezi hilo mara mbili kwa mwaka. Ila ukiwa na nafasi ya mara moja tu, fanya Juni au Julai, maana Desemba mawingu ya mvua yatakusaidia kidogo.

Hatua ya pili: hamisha kinachohamishika

Hii ni bure, na ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Toa makochi ndani ya michoro ya chaki. Mahali jua linapoanguka kila siku weka meza, kiti cha mbao, au uache sakafu tupu. Sakafu ya vigae au saruji ikipigwa na jua asubuhi inapata joto na sebule inachangamka, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta ulipofungua pazia.

Sebule zetu nyingi ni ndogo na kochi refu lina ukuta mmoja tu linapoenea. Basi ligeuze, mgongo uelekee dirisha. Mgongo utapauka, lakini hauonekani, na sehemu ya kukalia itakuwa kivulini mwa mgongo wake. Acha nafasi ya kiganja kimoja au viwili kati ya kochi na ukuta. Pazia lipite bila kukwama, na wakati wa mvua kitambaa kisivute unyevu wa ukutani. Wenzetu wa Tukuyu, kwenye mvua nyingi, wanajua ninachosema.

Mito ya kukalia, kama inatoka, igeuze na kubadilishana nafasi kila baada ya wiki mbili. Kugeuza hakuzuii kupauka, hilo liwe wazi. Kunafanya kochi lote lizeeke pamoja, na jicho la mgeni halioni kupauka kwa usawa. Linachokiona ni mpaka.

Hatua ya tatu: pazia, na hapa ndipo pa kukaa

Pazia jepesi la shia peke yake ni urembo. Linapunguza mng'ao, lakini kochi nyuma yake linaendelea kuliwa polepole. Unahitaji tabaka mbili: shia kwa ajili ya mchana wa kawaida, na pazia zito lenye bitana kwa saa zile ulizoziandika kwenye karatasi yako.

Mapazia mazuri mazito mimi nayapata kwenye mitumba, sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Mengi huja na bitana yake tayari, yameshonwa kwa mashine nzuri. Namna ya kupima ni hii: linyanyue kuelekea jua, weka mkono nyuma yake. Ukiweza kuhesabu vidole, lirudishe. Muuzaji mmoja aliniona nafanya hivyo akacheka, "Dada, unanunua pazia au unapiga eksirei?" Nikamwambia vyote viwili. Angalia pia mikunjo: mitumba iliyopigwa na jua huko ilikotoka ina michirizi ya wima iliyofifia, na kwenye michirizi hiyo kitambaa kimeshaoza. Kivute kwa vidole viwili, kikitoa sauti ya kuchanika, acha.

Kama una pazia zuri lisilo na bitana, mpe fundi ashone. Bitana ya bei nafuu na inayofanya kazi ni marekani, ile nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi. Iloweke kwanza usiku mmoja na uianike ikauke, maana inaruka, yaani inapungua ikilowa, na fundi akiishona kabla haijaruka, siku utakapofua pazia zima litajikunyata kama sambusa. Upande mweupe uangalie kioo, urudishe mwanga nje. Usiweke bitana nyeusi upande wa kioo: itazuia mwanga, sawa, ila itapata moto, na joto hilo litabaki ndani ya chumba. Bitana yenyewe itaoza kwa jua baada ya miaka kadhaa. Iache ioze, kazi yake ndiyo hiyo, uibadilishe kabla ya kubadilisha pazia.

Fimbo ya pazia ipande juu ya dirisha kwa kiganja kizima na itokeze pembeni vilevile kila upande. Mafundi wengi huipima sawa na fremu, na matokeo yake ni ule mstari mwembamba wa jua unaopita ubavuni kila jioni na kuchora mkono wa kochi. Mstari wa vidole viwili, kila siku, mahali palepale. Nimeona kochi la kijivu lenye ufito mweupe kiasi kwamba mtu angedhani ni nakshi.

Sasa ratiba. Dirisha la mashariki: pazia zito lifungwe jua linapoingia mpaka karibu na saa saba, halafu fungua, litakupa mwanga mchana kutwa bila jua la moja kwa moja. Dirisha la magharibi: acha wazi asubuhi, funga kuanzia saa nane hadi magharibi. Mfundishe na binti wa kazi au watoto wanaorudi shule mapema. Mimi niliandika saa hizo kwa kalamu nyuma ya bitana, pembeni, na hakuna aliyeuliza tena.

Hatua ya nne: tinti kwenye kioo

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Tinti nyeusi si lazima iwe tinti inayozuia urujuanimno. Weusi unapunguza mwanga wa macho, kuzuia UV ni sifa ya malighafi yake, na kuna tinti angavu, karibu hazina rangi kabisa, zinazozuia asilimia 99. Muulize muuzaji akuonyeshe karatasi ya bidhaa. Kama jibu lake ni "hii ni nzito sana mama", ujue anauza weusi. Na hata hiyo ya asilimia 99 haifuti kazi ya pazia, kwa sababu mwanga unaoonekana bado unapita.

Ukiamua kubandika mwenyewe, fanya asubuhi kwa dirisha lisilopigwa na jua wakati huo. Kioo cha moto kinakausha maji kabla hujanyoosha.

Osha kioo kwa maji na sabuni ya maji kidogo, ukwangue matone ya rangi kwa wembe mpya. Chembe moja ya rangi itakuwa kipele cha kudumu. Kata tinti ikizidi kidogo kila upande. Nyunyizia kioo maji ya sabuni mpaka yatiririke, menya karatasi ya nyuma ukiwa na mwenzako, nyunyizia na upande wa gundi, kisha bandika na uisogeze ikae sawa. Sukuma maji kwa kifuto cha mpira kuanzia katikati kwenda pembeni. Punguza kingo kwa wembe ukiacha upana wa milimita mbili hivi kutoka kwenye fremu. Vimalengelenge vidogo vya maji vitabaki, usivichome sindano, vinakauka vyenyewe, ila kwa baridi ya Julai vinachukua wiki kadhaa. Usioshe kioo hicho kwa mwezi mmoja, na baadaye usitumie dawa ya vioo yenye amonia.

Tahadhari moja: kioo chenye ufa au kilichomeguka ukingoni usikibandike tinti nyeusi. Kinanyonya joto mchana, usiku baridi yetu inakipoza, na ufa unaongezeka. Madirisha ya luva kwenye nyumba za zamani yanabandikwa kipande kwa kipande, kazi ya kuchosha. Kwa hayo nashauri pazia tu.

Hatua ya tano: kivuli cha nje

Mwanga ukizuiwa kabla ya kugusa kioo, umezuia na joto lake. Kwa dirisha la kaskazini, paa lililotokeza sentimita 60 linasaidia mchana. Kwa magharibi paa halisaidii, jua linaingia chini yake, na unahitaji kitu cha kusimama wima. Mimi nilipanda mpesheni kwenye fito mbele ya dirisha la magharibi, mita moja hivi kutoka ukutani. Ndani ya mwaka ulikuwa umeshapanda juu ya dirisha, na juisi tunakunywa. Mparachichi nao ni kivuli kizuri, lakini upande mbali na msingi wa nyumba, na uwe na subira.

Iringa na Njombe, walipo na mianzi, kuna mafundi wanaofunga fito za mianzi kwa kamba zikawa pazia la kukunja, unalining'iniza barazani. Hakikisha mianzi imekauka vizuri na imepakwa dawa, la sivyo bungua, wale wadudu wa kutoboa mbao, wataanza kukumwagia unga baada ya miezi michache. Na usikate ile ya wenyewe ya ulanzi, pombe ya mianzi. Kesi yake ni kubwa kuliko kochi.

Vitambaa vya mama

Sisemi vitambaa vya kufuma vitupwe. Nani atamwambia mama yake hivyo? Lakini kitambaa kidogo kinachokaa palepale hakilindi kochi, kinalichapa. Ama vitoe vyote siku za kawaida uviweke wageni wakija, ama weka kitu kinachofunika kochi zima: shuka, blanketi jepesi, foronya la kushonwa kwa kipimo. Mimi natumia vitenge viwili vilivyounganishwa, vinatandikwa saa nane pamoja na kufungwa pazia na kuondolewa jioni. Vimepauka vibaya sana. Safi kabisa, vipauke vyenyewe.

Ukifua foronya za kochi au mito, vianike kivulini, vimegeuzwa ndani nje. Juani juu ya kamba hakuna kioo cha kuchuja miale, kwa hiyo kupauka ni kwa haraka kuliko dirishani. Mito inayonuka ukungu msimu wa mvua iweke barazani penye upepo.

Ukiwa unataka kununua au kuvalisha upya

Omba fundi makochi akupe vipande vya vitambaa unavyovifikiria, vya ukubwa wa kiganja. Funika nusu ya kila kipande kwa kadibodi, vibandike vyote kwenye kioo cha magharibi, uviache mwezi mzima wa kiangazi. Ukitoa kadibodi utaona nani mkweli. Fundi wangu wa Kihesa, Iringa, alinishangaa, kisha akaanza kufanya hivyo kwenye dirisha la karakana yake.

Kwa ujumla, pamba, kitani na hariri hupauka upesi kuliko poliesta, na hariri huoza kabisa. Vitambaa vya akriliki vya viti vya nje, ambavyo rangi huingizwa kwenye malighafi kabla uzi haujasokotwa, ndivyo vinavyovumilia zaidi. Nyekundu, zambarau na buluu iliyokolea huonyesha kila kosa; rangi ya maziwa, kijivu chepesi na vitambaa vya maua mchanganyiko huficha. Ngozi halisi hukauka na kupasuka, ipake mafuta yake na uiweke mbali na dirisha. Ngozi bandia juani hukakamaa na kubanduka magamba, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia. Dawa za kupuliza zinazosifiwa madukani nyingi ni za kuzuia madoa, soma kopo kabla ya kutoa hela.

Kochi lililokwisha kupauka usilitie rangi ya kuchovya nyumbani. Itatokea kwenye suruali ya mgeni. Valisha upya seti yote au kochi zima, maana kipande kipya kando ya kilichopauka kitaonekana kiraka. Na siku fundi anapokata kitambaa, nunua mita mbili zaidi. Zikunje rangi ikiwa ndani, zifunge kwenye gazeti, uandike tarehe na duka ulikonunua, uziweke juu ya kabati kusikofikiwa na mwanga. Mkono wa kochi ukichanika mwakani, utakuwa na kitambaa cha kuuvalisha, na mara mbili kwa mwaka, siku ya chaki, zifungue uzilinganishe na kochi ulione linakwendaje.